Mtindi Haukumponya Rehema

Vijana, mimi sikusomea udaktari. Maisha yangu yote ya kazi nimegandisha maziwa. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mkija hapa kwangu Ilala kununua mtindi, mnaniuliza maswali ya hospitali. Bibi, mtindi unatibu viungo? Bibi, ni kweli maradhi yote yanaanzia tumboni? Mmesoma kwenye simu, mmesikia kwa jirani, na mnataka niitikie kwa kichwa tu. Siitikii. Nawaambia ni chakula, kizuri, kinyweni. Wengine mnaondoka mmenuna. Basi kaeni niwaeleze.

Kiwanda cha maziwa nilianza nikiwa msichana, nikapangiwa kufua vitambaa vya kuchujia. Aliyenitoa huko ni Bwana Ratilal, Mhindi wa Kisutu, fundi wa chumba cha chachu. Chachu, kwa asiyejua, ni ule mtindi kidogo wa jana unaotia kwenye maziwa ya leo ili yagande. Ndani yake mna bakteria, wadudu wadogo wasioonekana, na ndio wanaofanya kazi yote. Sisi tulikuwa wasaidizi wao. Bwana Ratilal alikuwa hali nyama, hali yai, hana mzaha na uchafu. Siku ya kwanza aliniambia, "Hawa, hapa wewe si mpishi. Wewe mchungaji. Ng'ombe wako hawaonekani, basi."

Alinifundisha kwa vidole. Maziwa yachemke, halafu yapoe mpaka uweze kutumbukiza kidole cha mwisho na kukiacha humo. "Mpaka umalize Bismillahi yako," alikuwa anasema, yeye Mhindu. Ukitoa kidole kabla hujamaliza, bado ni ya moto, utawaua. Ukimaliza ukaanza nyingine, yamepoa mno, watalala. Ndoo isuuzwe kwa maji ya moto, isinuke sabuni. Ukishatia chachu, funika, ondoka, usirudi kufunua kila saa. Siku hizi mna vipimo vya joto, na ni vizuri, lakini betri ikiisha mnanipigia simu.

Kuna siku pipa zima liligoma kuganda. Maziwa yalikaa vilevile, meupe, mepesi, kama yanatucheka. Meneja akasema kuna mfanyakazi kaingia na manukato. Tukanuswa, wanawake kwa wanaume, mmoja mmoja mlangoni. Dereva mmoja aliyekuwa na mchumba mpya alifukuzwa akaoge. Pipa lililofuata likagoma pia. Bwana Ratilal alionja, akatema, akauliza maziwa yametoka kwa nani. Ikaonekana yule mfugaji ng'ombe wake waliugua chuchu, wakachomwa sindano za antibiotiki, na bado akaleta maziwa. Dawa ilipita kwa ng'ombe, ikaingia ndooni, ikaua chachu yetu. Dereva wa watu alikuwa ameoga bure.

Hilo la sindano lishikeni, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini baadaye watu wenye akili zao walimwamini Kasimu.

Kasimu alikuwa mtu wa mauzo pale kiwandani. Anapendeza, anaongea, anakumbuka majina ya watoto wako wote. Mimi nilikuwa nagandisha, Kasimu anauza, na kwenye mashine ya kufunga pakiti alikuwepo Rehema.

Rehema alitoka Lindi. Alikuja mjini kwa dada yake, akapata kazi, akapanga chumba nyumba niliyopanga mimi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Tulikuwa mashoga wa kupikiana. Alikuwa mwepesi wa mikono sijapata kuona. Pakiti zilikuwa zinapita mikononi mwake kama anagawa karata, na huku anakusimulia hadithi ya mtu na mkewe, na hakosei. Jioni alisuka watu ukumbini. Mabinti wa mtaa mzima walikuwa wanampangia foleni, kwa sababu msuko wa Rehema haukuuma na ulikaa.

Nyinyi hamkuona miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, ilivyoingia. Sisi tulitoka kwenye foleni za sabuni, foleni za sukari, unga wa njano. Ghafla maduka yakajaa. Kariakoo ikawa kama mtu aliyefungwa mdomo kwa miaka na sasa kafunguliwa. Mikate myeupe, siagi ya kopo, biskuti, soda kila kona, chipsi zinakaangwa barabarani. Tulikula, msitucheke. Dona tukaiona chakula cha shida. Kunde, mlenda, togwa, tukawaachia wazee. Rehema alikuwa anaweza kushinda na mkate na soda toka asubuhi mpaka jioni, na anaona raha.

Na dawa nazo zikajaa. Kidonge ulichokuwa unakitafuta hospitali, sasa kinauzwa dukani pembeni ya viberiti. Zile za rangi mbili, antibiotiki, watu walimeza kama karanga. Umekohoa, rangi mbili. Tumbo limekata, rangi mbili. Rehema tumbo lilikuwa linamsumbua, akawa mteja.

Pamoja na mikate yakaja maziwa ya unga kutoka nje, kwenye makopo yenye picha ya ng'ombe mnene. Bei yetu haikufika pale. Kiwanda kikayumba, kikaita watu kidogo kidogo ofisini kuwaachisha kazi, na siku ikafika jina langu, la Rehema na la Kasimu yakaitwa asubuhi moja. Bwana Ratilal alikuwa ameshastaafu; aliposikia alinitumia kikopo cha chachu kimefungwa kwa kitambaa kibichi. Hakutuma neno lolote. Ndicho kilichoniweka mjini.

Tukaungana sisi watatu. Mimi nagandisha nyumbani, Rehema anapima na kufunga, Kasimu anauza kwenye kibanda chetu kule kule Sikukuu. Tulipata wateja. Wachukuzi wa sokoni walikuwa wanakunywa kikombe cha mtindi kabla ya kubeba gunia, wanafuta mdomo na mgongo wa mkono, wanaenda. Nilidhani tumepona, kumbe ndiyo kwanza.

Asubuhi moja Rehema alishindwa kufungua komeo la chumba chake. Aliniita kwa ndani, kwa sauti ndogo. "Hawa, vidole vyangu vimekataa." Nilizunguka dirishani, nikamwona amekaa kitandani, mikono imevimba viungo, wa kulia na wa kushoto sawasawa, kama mtu na sura yake kiooni. Hakulia. Alikuwa anaitazama kama mali ya mtu mwingine. Jua lilipopanda ikalegea. Kesho yake vivyo hivyo. Miguu ikafuata, viatu vikawa havimwingii, tukaenda Mchikichini tukamnunulia raba za kiume za mtumba, pana, akacheka kwamba sasa kilichobaki ni kupewa gunia abebe.

Hospitali tulikutana na daktari mwanamke, kijana, mpole. Alimshika kila kiungo. Alisema ni baridi yabisi, ile mbaya, si ya uzee. "Dada, kinga ya mwili wako imekosea mtu," alisema. "Kazi yake ni kupiga maradhi. Sasa inapiga viungo vyako mwenyewe."

"Nimefanya nini?" Rehema akauliza.

"Hujafanya kitu. Kwa nini inaanza, hatujui vizuri."

Mimi sikunyamaza. Nilimweleza habari ya pipa lililogoma, na zile rangi mbili, na mikate. Nikamuuliza kama tumboni mwa mtu nako mna chachu yake, na kama inaweza kuuawa vilevile, na kama ikifa ndiyo kinga inachanganyikiwa. Hakunicheka. Alisema tumboni mna bakteria wengi, wazuri na wabaya, na wapo madaktari wanaowaza hivyohivyo, kwamba chakula na wadudu wale huenda wana mkono kwenye maradhi ya namna hii. Lakini akasema, "Huenda, mama. Kuwaza si kujua. Ale dona, ale kunde, mboga, mtindi, aache soda, asimeze antibiotiki bila kuandikiwa. Haitamdhuru, na pengine itamsaidia. Lakini vidonge hivi asiache. Vinainunulia mifupa yake muda."

Rehema akafuata yote. Vidonge, dona, kunde, mtindi wangu asubuhi na jioni. Na polepole uvimbe ukashuka. Akarudi kusuka. Nakumbuka alivyomsuka binti wa mwenye nyumba, akamaliza, akanyoosha vidole juu akavitazama, kisha akaenda chumbani akafunga mlango. Nikamsikia analia. Siku alipougua hakulia.

Sasa niwaambie, maradhi yale yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Kwa hiyo alipopata nafuu, palikuwa na vidonge, palikuwa na chakula, palikuwa na tabia ya ugonjwa wenyewe. Ungesema kipi? Daktari hakusema. Mimi sikusema. Kasimu akasema.

Nilifika kibandani siku moja nikakuta watu wamejaa. Kasimu kasimama juu ya kreti, kashika kipaza sauti cha betri. Anasimulia habari ya pipa langu. Sindano ya ng'ombe, chachu iliyokufa, rangi mbili, tumbo la binadamu, neno kwa neno, ila kote daktari aliposema huenda, yeye kasema ndiyo. Akamaliza, akageuka. "Rehema, waonyeshe vidole."

Na Rehema, kajifunga kanga mpya, akainua mikono yake miwili, akakunja ngumi, akakunjua. Akakunja, akakunjua. Watu wakapiga makofi. Mtindi ukaisha kabla ya adhuhuri.

Jioni nilimwambia Kasimu aache. Tulikuwa ukumbini, anakula.

"Nimedanganya wapi?" akaniuliza. "Hakuumwa? Hakupona?"

"Anameza vidonge vya hospitali, Kasimu."

"Na mtindi je, hanywi?"

"Hujui ni kipi."

"Dada Hawa, wewe jua kugandisha. Nchi imebadilika. Anayengoja kujua, anakufa na njaa."

Hilo la njaa lilikuwa na ukweli wake, ndiyo maana liliuma. Tulikuwa na watoto wanaosoma, wazee vijijini. Kibanda kikawa na bango. Watu wakaja kutoka Temeke, kutoka Feri wakaangaji wa samaki wenye magoti mabovu, hata akina mama wa Kihindu wanaogandisha maziwa yao wenyewe nyumbani vizuri kuliko mimi. Wote wanataka kuona vidole.

Halafu kukawa na yule bwana mmoja, mtu wa maswali, aliyesimama akamuuliza Rehema mbele za watu kama anatumia dawa nyingine. Rehema akasema anameza vidonge. Watu wakacheka, wakatawanyika. Usiku ule Kasimu alimfuata. Haya aliniambia Rehema mwenyewe. Alimwambia, "Ukiendelea na vidonge, watu watasema vidonge ndivyo vilivyokuponya. Na wewe mwenyewe hutajua. Jaribu kuviacha kidogo tu."

Msimwone Rehema mjinga. Hospitali walikuwa wameanza kuchangisha wagonjwa pesa, foleni ilikula siku nzima, vidonge vilimtia kichefuchefu na daktari alitaka kumpima damu kila mara. Na alikuwa amechoka kuitwa mgonjwa. Mtu akikwambia umepona, na mikono yako inakunja na kukunjua, nani atakataa? Akaviacha.

Mimi nilikataa kwa niaba yake. Nilimwambia, "Shoga, mtindi nimegandisha mimi. Naujua ulivyo. Hauna nguvu hiyo."

Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinikata zaidi. "Basi wewe ndiye huuamini mkono wako, Hawa."

Niliwaachia kibanda. Nikachukua kikopo changu cha chachu, nikahamia Ilala. Kasimu akapata wa kumgandishia, mtu aliyekuwa anaharakisha kwa kutia ndimu. Bango likabaki.

Miezi ile ya mwanzo Rehema alikuwa mzima, na hiyo ndiyo iliyomponza. Aliniletea salamu kwa watu: mwambieni Hawa nasuka. Kisha salamu zikapungua. Nilipoenda kumwona, nilimkuta kajifunika mikono kwa kanga, anazungumza huku anatazama pembeni. Nikafunua. Vidole vilikuwa vimeanza kulala upande, kama majani ya mgomba baada ya upepo.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Kasimu anasema sumu ya vidonge ndiyo inatoka. Anasema niongeze mtindi."

"Rehema."

"Najua," akasema. "Najua, Hawa. Lakini nikirudi, itakuwaje kwa wale wote walioniona?"

Hapo nikaelewa kwamba haogopi ugonjwa tena. Anaogopa ule umati. Walikuwepo walioacha dawa zao kwa sababu ya ngumi yake, na alikuwa anawajua kwa sura.

Tulirudi hospitali. Daktari alikuwa yule yule. Hakumgombeza, alikaa tu na mikono ile kwenye mapaja yake. Akasema kilicholiwa hakirudi, ila tutazuia kilichobaki. Wakaanza upya. Lakini kifua nacho kilikuwa kimeingiliwa, mapafu yamekakamaa, akipanda kizingiti anahema. Maradhi yale hayaishii kwenye vidole. Wakati ule hilo hatukulijua sote, na Kasimu hakutaka kulijua.

Pale kibandani nilipita siku moja kwa makusudi. Kasimu kasimama juu ya kreti yake. Pembeni kuna mwanamke mwingine, kanenepa, ngozi inang'aa, anakunja ngumi na kukunjua. Nilimfahamu. Alikuwa anauza mchicha nyuma ya soko, na viungo vyake havijapata kuumwa hata siku moja. Watu wakapiga makofi vilevile.

Rehema alifia kwa dada yake, Temeke, mchana, mvua inanyesha. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mnajua maiti hunyooshwa mikono. Vidole vya Rehema havikunyooka. Tulijaribu taratibu, na maji ya vuguvugu, kama vile bado vinauma, kisha dada yake akasema, "Mwacheni. Mwacheni alivyo." Tukamvika hivyo.

Msibani Kasimu alileta mchele na mafuta, akakaa jamvini na wanaume. Mume wa dada mtu alinisimulia alichokuwa anawaambia watu. Alisema Rehema angekuwa hai, ila alikatiza. Alirudi kwenye vidonge mapema mno.

Kasimu sikumwona tena kwa miaka mingi. Nilisikia kajenga, nilisikia kauza, nilisikia watoto wake wako nje. Mimi niligandisha maziwa yangu mpaka magoti yakachoka, na sasa nagandisha kidogo tu, kwa hawa majirani.

Mwaka jana akabisha hodi. Mzee, mwembamba, fimbo mkononi, dereva kamwacha nje kwenye gari. Akakaa hapo kwenye kochi. Nikampa chai kwa sababu nimelelewa. Akatoa simu, akanisogezea. "Soma, dada Hawa."

Nikavaa miwani. Ilikuwa habari ya wataalamu. Kwamba wanachunguza bakteria wa tumboni, na chakula, na kwamba huenda vina sehemu katika maradhi ambayo kinga inapiga mwili wenyewe, baridi yabisi ikiwemo. Kwamba bado wanatafuta. Kwamba mgonjwa asiache dawa zake. Nikasoma mpaka mwisho. Yeye alikuwa ananitazama usoni, na simu ile ilikuwa imechakaa pale kwenye kioo panapoguswaguswa.

"Unaona," akasema. "Sikuwa tapeli. Kulikuwa na kitu."

"Inawezekana kulikuwa na kitu."

"Basi niambie nilikuwa sahihi. Wewe ndiye uliyekuwepo. Wengine wote wamekufa."

Nilijua hakuja kujigamba. Mtu anayejigamba hapandi gari toka Mbezi kutafuta mwanamke mmoja Ilala. Alikuwa mgonjwa, ilionekana kwenye shingo, na alitaka kwenda na neno moja kutoka kwangu. Ningeweza kumpa. Lingenigharimu nini?

"Kasimu," nikamwambia, "hata wakithibitisha kila kitu kesho asubuhi, wewe siku ile hukujua. Ulimtoa kwenye dawa hujui."

Chai ikapoa mbele yake, ikafanya utando. Ikaadhiniwa alasiri. Kisha akajaribu kuinuka, mguu ukamsaliti, fimbo ikaanguka. Nikamwokotea. Nikamshika kiwiko, nikamshusha ngazi moja moja mpaka garini, nikamfungia mlango.

Wajukuu zangu walioona walisema bibi kasamehe. Sikusamehe. Nilimshika asianguke tu.